Ile sarafu ya Nero si dhahabu, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako, na ikiwezekana iwe kubwa kidogo kuliko mnayowapa wanaolalamikia maji na barabara. Wao wako wengi, asiyeandika leo ataandika kesho. Neno langu hili sidhani kama kuna mwingine hapa Tabora atakayewaandikia.

Jumapili iliyopita mlichapa makala ya kodi. Mwandishi alianzia pale Yesu anapoulizwa kama ni halali kumlipa Kaisari kodi, akatembea nayo vizuri mpaka kwenye mashine za risiti za dukani. Makala sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu uko kwenye picha. Mmeweka sarafu pana, kichwa cha mwanamume mwenye shingo nene, na chini yake mmeandika kwamba hiyo ni sarafu ya dhahabu ya Kaisari, aina ileile aliyoonyeshwa Yesu. Nilivua miwani, nikaifuta kwa shati, nikaivaa tena. Maneno yalikuwa yaleyale.

Mstari mmoja, makosa matatu. Aliyoonyeshwa Yesu ilikuwa dinari, na dinari ni fedha. Huyo mwenye shingo nene naye si Kaisari wa siku zile. Maandishi yanayomzunguka, niliyoyasoma kwa kioo cha kukuzia cha mjukuu wangu, yanaanza NERO CLAVD CAESAR AVG. Nero alizaliwa mwaka 37, mwaka uleule aliofariki Tiberio, ambaye ndiye aliyekuwa Kaisari siku zile za Yesu, akaingia madarakani mwaka 54. La tatu ndilo lililonifanya nitafute kalamu: ile si dhahabu. Ile ni brasi.

Mtauliza mimi ni nani. Mimi si msomi. Nilikaa seminari ndogo miaka miwili na nusu, nikafundishwa Kilatini kwa fimbo, kisha nikatoka kwa sababu ambazo mama yangu hakuzikubali mpaka anaingia kaburini. Baada ya hapo nikaajiriwa karakana ya reli, idara ya kusubu, wenyewe tuliita faundri, nikakaa miaka 31. Kwa hiyo Mungu amenijalia vitu viwili ambavyo ni nadra kukutana kwa mtu mmoja: nasoma maandishi ya pembeni ya sarafu ya Kirumi, na shaba naijua kwa harufu.

Kwanza tazameni ule mstari mdogo wa vipimo chini ya picha, walioweka wenyewe makumbusho mlikoitoa. Sarafu ina upana wa milimita 35, imezidi kizibo cha soda. Sarafu ya dhahabu ya Roma, aurei, ilikuwa na upana wa milimita 20 hivi. Ingelala ndani ya hii na nafasi ingebaki pande zote. Hiyo yenu ni sesterti. Uzito wake gramu 25 hivi, yaani ukiishika kiganjani ni kama umeshika betri ya rimoti. Tena ukitazama chini kabisa, pale shingo inapoishia, kuna kitu cha duara kama punje ya mtama. Ni alama ya kiwanda cha Lugdunum, mji ambao leo ni Lyon, Ufaransa. Kumbe hata haikupigwa Roma.

Lakini aliyeandika maelezo ya picha simlaumu sana, maana brasi safi imewadanganya watu wengi kabla yake. Augusto, karibu mwaka 23 kabla ya Kristo, alizipanga upya sarafu za chini. Sesterti, na nusu yake iliyoitwa dupondi, akaamuru zipigwe kwa brasi, shaba ya njano. Asi, na robo yake iliyoitwa kwadransi, zikapigwa kwa shaba nyekundu. Wakusanyaji wa leo wanaziita zote bronzi. Kwa fundi hilo ni kosa, kwa sababu bronzi ni shaba na bati. Nasema bati lenyewe, si haya mabati ya kuezekea, ambayo ukweli wake ni chuma kilichovikwa zinki. Ila jina limeshazoeleka na sitaki kugombana na watu wawili katika barua moja.

Hiyo brasi waliipataje ndiyo iliyoninyima usingizi tangu nilipojua. Brasi ni shaba na zinki. Zinki ina tabia mbaya: inageuka mvuke kwenye nyuzi 907, na shaba haijayeyuka mpaka ifike nyuzi 1,085. Ukiitumbukiza kwenye shaba ya moto bila utaratibu, inapaa, moshi mweupe unajaa karakana, na usiku unatetemeka kama mwenye malaria. Sisi tulikunywa maziwa. Warumi hawakuwa hata na zinki ya kipande. Walichukua mawe yenye zinki, wakayasaga, wakayachanganya na mkaa na vipande vya shaba ndani ya chungu, wakafunika chungu vizuri, wakakichoma kwa moto usiofikia kuyeyusha shaba. Zinki inatoka kwenye jiwe ikiwa mvuke, haina pa kukimbilia, inaingia ndani ya shaba. Shaba inaingia chunguni nyekundu, inatoka njano. Sehemu moja kati ya tano hivi ni zinki. Mimi nilikuwa na tanuri la mafuta na kipimo cha joto, na bado nilikuwa naharibu.

Na kila brasi inapoyeyushwa upya, zinki kidogo inatoroka. Ndiyo maana sesterti za miaka 200 baadaye hazina tena njano ile ya Augusto, zimesubiwa na kusubiwa.

Kuna jambo lingine kuhusu rangi. Mwaka 2018 binti yangu, ambaye ni muuguzi Ujerumani, alinialika nikae naye miezi mitatu mjini Trier. Baridi ya kule tuiache. Mji ule ulikuwa wa Kirumi kwelikweli, una lango la mawe meusi linalokufanya ujione sisimizi, na makumbusho yao yana lundo la dhahabu lililofukuliwa mwaka 1993 watu wakichimba msingi wa jengo: aurei zaidi ya 2,500. Watu wamejazana pale, wanapiga picha, wanapumua kwenye kioo. Mimi nikaenda zangu kwenye shaba, nikapata nafasi ya kutosha. Jambo nililojifunza ni kwamba zilizolala kwenye udongo mkavu zinatoka kijani au nyeusi, na zilizozama mtoni, kwenye tope ambako hewa haifiki, zinatoka na njano yake ya siku ya kwanza. Mto Mosel pale kwenye daraja la Warumi umetoa sarafu kwa maelfu. Sarafu ya picha yenu ina njano ya namna hiyo. Mtu asiyezijua ataapa ni dhahabu.

Wala habari ya brasi kuwa pesa si ngeni Tabora. Mwaka 1916, Mjerumani amezingirwa na Waingereza na meli haziingii, karakana ya reli ya hapa kwetu ilipiga sarafu za heller 20, nyingine za brasi na nyingine za shaba nyekundu, na herufi T ya Tabora juu yake. Babu wa mke wangu alikuwa nayo moja, akiitumia kuzibia chupa ya dawa. Na kwenye rupia ya Mjerumani mfalme wao Wilhelm aliandikwa GUILELMUS II IMPERATOR, kichwani amevaa kofia ya vita, kama vile Roma haikuwahi kuanguka. Mwingereza naye akaja na ile senti kumi ya tundu, GEORGIVS V REX ET IND IMP, herufi U ikiandikwa V kama kwa Nero. Bibi yangu alizitunga kwenye kamba akazificha ndani ya mtungi. Nilipofika seminari nikajua IMP ni kifupi cha imperator, cheo cha Kaisari, niliporudi likizo nikamwambia: Bibi, umemfunga Kaisari kamba. Akanijibu nisiguse mtungi wake.

Nirudi kwenye makala yenu, maana mnaweza kusema: sawa mzee, dhahabu au brasi, tofauti yake ni nini kwa mlipa kodi? Tofauti ipo, na ndiyo hasa barua yangu.

Aurei moja ilikuwa sawa na dinari 25. Dinari moja ni sesterti nne. Sesterti moja ni asi nne. Pigeni hesabu: aurei moja ni asi 400. Augusto alipofariki mwaka 14, askari waliokuwa Ulaya mashariki waliasi, na lalamiko lao mojawapo lilikuwa kwamba roho na mwili wa askari vinathaminiwa asi kumi kwa siku. Kwa hiyo askari alihitaji siku 40, bila kula wala kununua viatu, ili aishike aurei moja. Mkulima je? Mfua nguo je? Wengine waliishi wakafa hawajawahi kuigusa. Shaba waliigusa kutwa. Kwenye ukuta wa kilabu kimoja cha Pompeii kuna maandishi ya mwenye duka anayeitwa Hedone: hapa utakunywa kwa asi moja, ukitoa mbili utakunywa nzuri zaidi, ukitoa nne utakunywa ile divai bora ya Falerno. Kiingilio cha bafu la umma Roma kilikuwa kwadransi, robo ya asi. Na yule mjane wa Injili, aliyetia sarafu mbili ndogo hekaluni, Marko anawaeleza wasomaji wake kwamba hizo mbili kwa pamoja ni kwadransi moja. Jumla ya riziki yake ilikuwa kiingilio cha bafu. Mahubiri ya mjane nimeyasikia tangu niko mgongoni, na mhubiri aliyenieleza hilo sijakutana naye.

Sasa, Kaisari akitaka kusema na mtu huyu wa asi moja, atasemea wapi? Hakuna redio, hakuna gazeti. Atasemea kwenye shaba. Na kuhusu kodi, ambayo ndiyo makala yenu, makaisari walisema sana, ila kwenye shaba, upande wa nyuma, upande ambao ninyi mmeukata.

Nianze na Caligula, ambaye kila mtu anamjua kwa uwendawazimu. Kulikuwa na kodi ya mnada, sehemu moja kati ya 200 ya bei. Akaifuta. Mwaka 39 akapiga kwadransi, ileile ya kiingilio cha bafu, na juu yake akaweka herufi tatu, RCC, kifupi cha maneno yanayosema moja ya mia mbili imeondolewa. Upande wa pili hakuweka uso wake. Aliweka kofia, ile kofia ya mviringo aliyovalishwa mtumwa siku ya kuachiwa huru. Nikiwa Trier niliitazama hiyo mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama niko salama. Ilikuwa haizidi ukucha wa kidole gumba, na imebeba tangazo zima la serikali pamoja na picha yake.

Hadrian naye alipoingia alikuta wananchi wanadaiwa na hazina malimbikizo ya miaka mingi. Mwaka 118 aliyafuta yote, hati za madeni zikakusanywa na kuchomwa moto hadharani. Akapiga sesterti inayoonyesha mtu ameshika mwenge anachoma lundo la hati, na kuizunguka ameandika hesabu kamili: sesterti milioni 900, deni la zamani, limefutwa. Ukiwa na sarafu ile mkononi umeshika moja ya hizo milioni 900. Hesabu imeandikwa juu ya kipimo chenyewe. Jambo hilo linanipendeza kuliko jengo lolote alilojenga.

Na Nerva, mzee aliyetawala kuanzia mwaka 96, hata miaka miwili hakufikisha. Huyu ana sesterti yenye nyumbu wawili wanakula majani, gari limeachwa nyuma yao. (Nyumbu wa kubeba mizigo, si wa Serengeti.) Maana yake watu wa Italia hawatalipia tena gharama za wanyama na magari ya safari za serikali, nyumbu wamefunguliwa, wapumzike. Nyingine ina mtende, na maneno yanayosema udhalimu wa kusingiziana katika kodi ya Wayahudi umeondolewa. Hiyo ina historia ndefu. Hekalu la Yerusalemu lilipochomwa mwaka 70, ile sadaka ambayo kila Myahudi aliipeleka hekaluni kwa mwaka Kaisari Vespasian aliigeuza kodi, iende kwa hekalu la Jupiter kule Roma. Mtoto wake Domitian akaikaza, wapelelezi wakawa wanawachongea watu kwamba ni Wayahudi wanaojificha. Nerva akasema basi. Kodi yenyewe hakuifuta, alifuta uchongezi. Mtende ule ulikuwa alama ya Yudea, na miaka 25 kabla yake Vespasian alikuwa ameuweka kwenye sesterti zake pamoja na mwanamke aliyekaa chini yake analia, na maandishi IVDAEA CAPTA, Yudea imetekwa.

Mtu mwenye makala ya Kaisari na kodi, akiwa na hizo nne mkononi, ya dhahabu anaitafutia nini?

Sisemi makaisari walikuwa watu wema. Hakuna sarafu hata moja inayotangaza kwamba kodi imepanda. Vespasian alitoza kodi mpaka mikojo iliyouzwa kwa wafua nguo. Mwanawe Tito alipolalamika, akamsogezea puani pesa ya malipo ya kwanza na kumuuliza kama inanuka. Hiyo hatuioni kwenye sesterti. Shaba ilisema kile mkubwa alichotaka kisikike, na msomaji alitakiwa awe na akili zake.

Huyu Nero wenu ni mfano mzuri. Kwa karibu miaka kumi ya kwanza hakupiga shaba kabisa Roma, kisha kama mwaka 64 akaanza, na nikubali ukweli kwa uchungu, alipiga sesterti nzuri kuliko mtu yeyote kabla yake. Waliochonga mihuri ile walikuwa mafundi. Fikiria unachonga kinyume, kwenye chuma, bandari nzima yenye meli na watu, ndani ya duara la milimita 35, kisha muhuri mmoja unapachikwa kwenye fuawe, kipande cha brasi ya moto kinawekwa juu yake, muhuri wa pili unashikwa juu, mtu anapiga nyundo. Pigo likiteleza, Kaisari ana pua mbili. Nero akajaribu pia kupiga hata asi na ndogo zake kwa brasi, na kuziwekea alama za thamani, II, I na S, ili watu wasichanganyikiwe. Jaribio halikudumu.

Hiyo sesterti ya bandari ni ya Ostia. Meli zimetulia, mungu wa maji amejilaza chini, na maandishi yanasema bandari ya Augusto, yaani ya Kaisari aliyepo. Ukiipokea sokoni unaelewa kwamba Nero amekujengea bandari. Aliyeianza ni Klaudio, Kaisari aliyemtangulia, mwaka 42. Nero alikuta kazi imefanyika. Na mwaka 62, miaka miwili hivi kabla ya sarafu kutoka, dhoruba iliingia ndani ya bandari hiyohiyo ikazamisha meli karibu 200 za nafaka. Kwenye sarafu maji yametulia kama chai kikombeni. Nadhani wasomaji wako hawahitaji niwafafanulie zaidi habari ya kukata utepe wa mradi wa mwenzako.

Ana nyingine amejiweka kama Apollo anapiga kinubi. Ana nyingine yuko juu ya farasi na vikosi. Na ana ile ya hekalu la Janus, mungu wa milango. Milango ya Janus ilifungwa Roma ikiwa haina vita popote, na ilikuwa nadra. Nero alifanya amani na Waparthi, mahasimu wa Roma upande wa mashariki, akaifunga, akapiga sarafu yenye mlango uliofungwa, shada la maua juu yake, na maneno kwamba amani imepatikana nchi kavu na baharini. Mwaka 66 Yudea ikalipuka. Mlango uliendelea kuonekana umefungwa kwenye mifuko ya watu huku majeshi yakienda Yerusalemu.

Na watu walijibu. Hilo ndilo linalonifanya niamini kwamba walikuwa wanazisoma. Caligula alipouawa, Seneti iliamuru shaba zote zenye uso wake ziyeyushwe. Zikayeyushwa, na mwanahistoria Dio anasimulia kwa kinyongo kwamba Messalina, mke wa Klaudio, aliichukua shaba ile akatengenezea sanamu za mcheza ngoma mmoja aliyempenda, Mnester. Kama msubuji naweza kukuhakikishia kwamba shaba haikumbuki chochote. Nero naye alipoangushwa, kuna shaba zake zilizogongwa muhuri SPQR, Seneti na Watu wa Roma, hapohapo shingoni, juu ya ile shingo mnayoiona. Na Epiktetus, mwanafalsafa aliyekuwa mtumwa, aliwaambia wanafunzi wake mfano: sesterti hii ina chapa ya nani? Ya Trajan? Ilete. Ya Nero? Tupa, imeoza, haikubaliki. Alikuwa anazungumzia tabia za watu, lakini mfano hautafanya kazi kama wanaosikiliza hawajawahi kumtazama mtu usoni kwenye chenji.

Baadaye mambo yaliharibika, na hapo sitakaa sana. Katika karne ya tatu fedha iliisha kwenye sarafu za fedha mpaka zikabaki shaba iliyopakwa rangi. Postumus, aliyejitangaza Kaisari upande wa Ujerumani na Ufaransa mwaka 260, alichukua sesterti za zamani zilizolika, akazigonga upya kwa muhuri wake, kichwani amevaa taji la miale, kwamba sasa moja ni mbili. Ukizitazama vizuri unaona Kaisari wa zamani anachungulia chini ya yule mpya. Mwaka 294 Diocletian akaanza upya na sarafu kubwa ya shaba ya gramu kumi hivi, na kufikia miaka ya 330, chini ya Konstantino, ilikuwa imekonda mpaka gramu mbili haifiki.

Hiyo shaba ya mwisho mwisho ndiyo iliyokuja kuitwa follis. Kwa Kilatini follis ni mfuko, tena ni mvukuto, ule wa mfua chuma, neno ambalo padre alinichapa nalo na miaka mitano baadaye nikalikuta kazini. Wagiriki wa Konstantinopoli wakalichukua, Waarabu wakalichukua kutoka kwa Wagiriki wakasema fals, na zikiwa nyingi fulus. Kutoka hapo likapanda jahazi. Mzee wa pwani akikwambia hana fulusi, ametaja sarafu ya shaba ya Kirumi. (Na kama yuko Malindi, kuna uwezekano anakwambia hakupata samaki. Fulusi wa baharini ni mwingine kabisa, na ni mtamu.)

Ombi langu basi, Ndugu Mhariri, ni mawili. La kwanza ni masahihisho: mwandike kwamba picha ile ilikuwa sesterti ya brasi ya Nero, iliyopigwa Lugdunum, na kwamba aliyoonyeshwa Yesu ilikuwa dinari ya fedha. Msikubali mtu awaambie kwamba herufi S C peke yake zinatosha kutambua shaba. Ni kweli karibu shaba zote za Roma zinazo, na ni kifupi cha kwa azimio la Seneti, lakini Nero huyohuyo miaka yake ya mwanzo aliandika EX S C mpaka kwenye dhahabu. Someni upana.

La pili, chapeni upande wa nyuma. Makumbusho hawapigi picha upande mmoja. Huyo aliyewapa kichwa ana picha ya pili, na mtu wa kupanga kurasa aliikata akiona haina uso. Inaweza kuwa bandari, inaweza kuwa farasi, inaweza kuwa mlango.

Ikishindikana, mimi ninayo asi moja. Niliinunua duka la sarafu Trier kwa euro 30, risiti ninayo, binti yangu alinigombeza kwamba ningenunua soksi. Mjukuu wangu ameipiga picha kwa simu pande zote mbili, juu ya kanga nyeusi ya bibi yake, na nimemwagiza aitume pamoja na barua hii. Nero amelika, pua haipo, na jina limebaki herufi mbili tu. Geuzeni. Mlango unaonekana vizuri, mbao zake zote mbili, na umefungwa.

Wako,
Msubuji mstaafu,
Tabora